Inveta Inapolia, Tuisikilize



Shangazi yangu anaishi Kibaha, si mbali na Maili Moja. Katika siku za mgao wa umeme wanawe walimnunulia inveta ya wati 1000 pamoja na betri moja, ili apate mwanga, feni na mahali pa kuchajia simu. Miezi michache baadaye inveta hiyo ikaanza kulia. Kila jioni ililia, ikanyamaza, kisha ikazima. Mwishowe haikuwaka kabisa. Fundi wa mtaani aliyeitwa akakuta fyuzi iliyo kwenye waya wa betri imeyeyuka. Hakuwa na fyuzi nyingine mkononi. Akakata kipande cha waya wa shaba, akakiunga pale pale penye fyuzi, akawasha. "Mama, sasa haikusumbui tena," akasema. Shangazi akamshukuru, akamlipa.

Haikupita hata wiki mbili. Usiku mmoja aliamka kabla ya Alfajiri ili atawadhe, akasikia harufu ya mpira unaoungua. Waya wa betri ulikuwa umevimba na kulainika, na ukuta nyuma yake umeanza kuwa mweusi. Mjukuu wake aliwahi kuzima na kuchomoa klipu za betri. Alhamdulillah, hakuna aliyedhurika. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Mwanangu, mashine ilikuwa ikituambia jambo, nasi tukaiziba mdomo."

Leo, inshaallah, tuzungumze juu ya jambo hilo ambalo inveta hutuambia: inajilinda na nini, kwa njia gani, na ni wapi ulinzi wake unapokoma na wajibu wetu unapoanza.

Vifaa hivi vimeingia majumbani na misikitini mwetu kwa sababu inayoeleweka. Mgao ulioanza mwaka 2023 uliwafanya wengi watafute umeme wa akiba. Ahueni ilikuja pale mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 235, ilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa mnamo Februari 2024. Bwawa hilo liko kwenye Mto Rufiji, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Hata hivyo, usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024, tukiwa katika Ramadhani, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Aliyekuwa na inveta alikula daku kwenye mwanga. Basi kifaa hiki ni neema, lakini kila neema ina masharti ya kuitumia.

Kwanza tuelewe kazi yake. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, nao ni wa nguvu ndogo, mara nyingi volti 12. Umeme wa ukutani hugeuka huku na huku mizunguko 50 kwa sekunde, nao ni wa volti 230. Inveta huchukua ule wa kwanza na kuufanya uwe kama wa pili. Kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo viitwavyo transista, ambavyo hufunguka na kufunga kwa kasi isiyoweza kuonekana kwa jicho. Hesabu yake ina fundisho. Ukitumia wati 1000 ukutani, waya wa ukutani hupitisha ampea 4 na kitu. Wati hizo hizo zikitoka kwenye betri ya volti 12, waya wa betri hupitisha zaidi ya ampea 80. Ndiyo maana waya wa betri lazima uwe mnene na mfupi, na ndiyo maana hatari ya moto huanzia huko kuliko upande wa soketi.

Sasa, inveta iliyotengenezwa vizuri huwa na walinzi kadhaa ndani yake.

Mlinzi wa kwanza huitazama betri. Volti za betri ya asidi zikishuka na kukaribia 11, inveta hulia. Zikifika kama 10.5, huzima yenyewe. Watu wengi huona huo ni ukaidi, kwa kuwa taa zilikuwa bado zinawaka. Lakini betri ya asidi inayomalizwa kabisa mara kwa mara huharibika sahani zake, na iliyotegemewa kudumu miaka hufa baada ya miezi. Tena kuna jambo la pili. Kadiri betri inavyochoka, ndivyo inveta inavyovuta mkondo mwingi zaidi ili kutoa wati zile zile: kilichohitaji ampea 83 kwenye volti 12 huhitaji ampea 95 kwenye volti 10.5. Waya hupata moto zaidi wakati ule ule ambao betri ni dhaifu zaidi. Mlio wa jioni wa shangazi ulikuwa wa mlinzi huyu. Betri yake ilikuwa imechoka, na fyuzi iliyoyeyuka ilikuwa dalili ya maradhi hayo hayo.

Mlinzi wa pili hupima mzigo. Katika kijiji kimoja cha Kisarawe, upande wa Maneromango, niliswali msikitini ambako inveta ya wati 1500 ilikuwa ikizima karibu kila usiku katikati ya Tarawehe. Imamu akiwa katikati ya kisomo, kipaza sauti hukatika, feni husimama na watoto huanza kucheka. Kamati ilikwisha kuamua kuwa mashine ni mbovu, na mchango wa kununua mpya ulikuwa umeanza. Mzee mmoja wa kamati akaniomba nitazame. Tukakaa tukahesabu: amplifaya wati 200, feni 6 za wati 70, taa 10 za wati 10. Jumla ni wati 720, chini ya nusu ya uwezo wake. Tukastaajabu. Kisha kijana mmoja akasema, "Mzee wangu, na lile birika la chai je?" Kumbe katika chumba cha nyuma palichomekwa birika la wati 2000 ili waumini wakute chai baada ya swala. Inveta haikuwa mbovu hata kidogo. Iliona wati 2720 zikidaiwa kwa mashine ya wati 1500, ikakataa. Birika likahamishiwa kwenye jiko la mkaa, tena nje, mbali na betri, na fedha za waumini zikabaki katika sanduku.

Hapa tuongeze jambo moja. Vifaa vyenye mota, kama friji na pampu ya maji, vinapoanza huvuta mara kadhaa zaidi ya vinavyotumia vikishatulia. Inveta nyingi huvumilia mshtuko huo kwa muda mfupi sana. Mzigo ukiendelea kuwa mkubwa, huzima. Kwa hiyo friji ya wati 150 yaweza kuizima inveta ya wati 500, na hilo si kasoro ya kiwandani.

Mlinzi wa tatu hungoja shoti, yaani waya mbili zigusane. Katika hali hiyo mkondo hupanda ghafla kiasi cha kuua transista kabla fyuzi ya kawaida haijapata muda wa kuyeyuka. Kwa sababu hiyo inveta huwa na sakiti inayopima mkondo wakati wote na kuukata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ukiwasha ikazima papo hapo, hata ukiwa umechomeka kitu kidogo tu, usirudie kuwasha mara kumi ukitaraji itachoka kukataa. Chomoa kila kitu, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kinachoizima ndicho chenye shoti. Ikizima hata bila kitu kilichochomekwa, kasoro ni ya waya za nyumba au ya inveta yenyewe, na hapo fundi ndiye wa kuitwa.

Mlinzi wa nne hupima joto. Hakuna inveta inayotoa chote ilichopokea. Hupotea kama asilimia 10 hadi 15, na kinachopotea huwa joto. Inveta inayotoa wati 1000 hubaki na joto la wati 100 au zaidi ndani ya tumbo lake, kama zile balbu za zamani za wati 100 ambazo hazikushikika kwa mkono. Feni yake ndogo hulisukuma joto hilo nje. Ikishindwa, kipima joto huzima mashine. Sasa angalia tunavyoiweka: ndani ya kabati, juu yake mikeka imekunjwa, pembeni kanzu zimetundikwa, na matundu ya hewa yamezibwa na vumbi jekundu la barabara zetu za Kisarawe. Kisha tunasema, "Mashine hii haihimili." Ipe nafasi ya shubiri moja kila upande, ipanguse vumbi kwa brashi kavu ikiwa imezimwa na kuchomolewa, nayo itahimili.

Mlinzi wa tano hukataa umeme wa betri uliozidi au uliogeuzwa. Kidhibiti chaji cha sola kikiharibika, volti za betri ya 12 zaweza kupanda kupita 15, na inveta hugoma kufanya kazi mpaka zishuke. Na mtu akikosea akaunga waya mwekundu mahali pa mweusi, katika inveta nyingi ndogo fyuzi ya ndani huungua ili mengine yapone, ingawa si mara zote hupona. Ndiyo sababu fyuzi hubadilishwa kwa fyuzi ya kiwango kile kile, si kubwa zaidi, na kamwe si kwa waya. Betri za lithiamu zina viwango vyake, na nyingi zina mlinzi wake ndani ya betri yenyewe. Inveta yake sharti ipangwe kwa aina hiyo ya betri.

Mlinzi wa sita humlinda mtu ambaye hatumwoni. Zipo inveta za sola zilizounganishwa moja kwa moja na umeme wa TANESCO bila betri. Umeme wa gridi ukikatika, nazo huzima mara moja, hata kama jua ni la utosini. Wenye nazo hulalamika, lakini sababu ni njema. Fundi wa TANESCO akipanda nguzo huku nyumba yako inasukuma umeme kurudi nje, transfoma iliyokuwa ikipunguza umeme kwa ajili yako hugeuka ikaukuza mpaka maelfu ya volti. Kwa wenye inveta za betri, ulinzi huu hupatikana kwa swichi ya chenjiova, ambayo hairuhusu umeme wa TANESCO na wa inveta kuwa kwenye waya za nyumba kwa wakati mmoja. Ule waya wenye plagi dume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili "kulisha nyumba", hauna ulinzi huo. Huo ni mtego, kwa aliye ndani na kwa aliye juu ya nguzo. Kumdhuru mtu kwa uzembe ni dhulma, hata kama hatukumkusudia.

Hao ndio walinzi. Sasa nakuomba msomaji uzingatie jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: walinzi wote hawa, isipokuwa huyo wa mwisho, wanailinda inveta na betri yake. Hawakulindi wewe.

Chukua mfano wa mtoto. Mkondo wa ampea 0.03 tu, ukipita kifuani kwa muda, waweza kuua. Kwa volti 230, hizo ni wati 7 hivi. Kwa inveta ya wati 1000, mtoto anayepitiwa na umeme ni kama taa moja ndogo iliyowashwa. Haitalia, haitazima, haitajua. Kifaa kinachojua ni kingine: breka ya kukata umeme unaovuja kwenda ardhini, ya milliampea 30, inayofungwa na fundi kwenye bodi ya nyumba. Nayo ina masharti. Inveta nyingi ndogo waya zake hazikuungwa na ardhi, na katika hali hiyo breka hiyo yaweza kuwa ukutani kama pambo. Mwambie fundi aijaribu kwa kipimo mbele yako, umeme ukitoka kwenye inveta. Tena breka hiyo haimwokoi aliyeshika waya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo soketi ziwe na vifuniko na watoto wafundishwe.

Mfano wa pili ni ule waya wa betri. Inveta haiwezi kuulinda, kwa kuwa waya huo uko nje yake, na betri iko tayari kutoa mamia ya ampea pale utakapochubuka na kugusana. Mlinzi pekee wa waya huo ni fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na betri, isiyo mbali zaidi ya shubiri moja au mbili. Hiyo ndiyo fyuzi ambayo kwa shangazi iligeuzwa kuwa kipande cha shaba. Inveta iliendelea kujilinda kama ilivyoumbwa. Nyumba ndiyo iliyobaki bila mlinzi.

Mfano wa tatu ni hewa. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Isiwekwe chumba cha kulala, wala stoo isiyo na dirisha, wala karibu na jiko. Inveta haina pua ya kunusa gesi hiyo.

Na mfano wa nne ni panya. Imepokewa katika Sahihi mbili, za Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, Allah amridhie, kwamba nyumba moja iliungua usiku katika mji wa Madina ikiwa na watu wake. Mtume, sala na amani zimshukie, alipopata habari hiyo aliueleza moto kuwa ni adui yetu, akaamrisha uzimwe watu wanapolala. Katika riwaya nyingine aliamrisha taa zizimwe, akataja kuwa panya huenda akauburura utambi na kuwateketezea watu nyumba yao. Tazama, ndugu yangu, jinsi mafundisho hayo yanavyofaa hadi leo. Utambi umeondoka, umekuja waya, na panya bado yupo na meno yake. Hula ngozi ya waya, hulala ndani ya inveta kwa kupenda joto lake, na mijusi na mende humfuata. Nani atasema kuwa maelekezo yale yalikuwa ya taa za mafuta peke yake?

Basi kabla ya kulala, kile kisichohitajika usiku kizimwe. Kama si lazima inveta iwake, izimwe. Kama ni lazima, kwa feni ya mgonjwa au taa ya mtoto mchanga, iwe mahali palipo wazi, penye hewa, pasipo nguo wala makaratasi. Mara moja kwa mwezi shika waya wa betri kwa nje, inveta ikiwa kazini. Ukiwa wa moto kuliko vuguvugu, muunganiko umelegea au waya ni mwembamba. Hesabu wati za vyombo vyako uziandike kwenye karatasi ubandike ukutani, watoto nao wajue kuwa pasi na birika havimo. Betri mpya ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu kama inavyotakiwa, hukupa taa nne na feni moja kwa saa tano au sita hivi. Ukitaka zaidi, ongeza betri, usiondoe mlinzi.

Upande wa fundi, nchi yetu ina utaratibu: mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, na si aibu kumwomba fundi akuonyeshe yake. Mwenye kukwambia "tuiruke hii fyuzi" mlipe nauli yake aende zake. Kwa kamati za misikiti na madrasa jambo hili ni amana maradufu, maana chombo kimenunuliwa kwa sadaka za watu na wanaokaa karibu nacho ni watoto wa watu. Pawe na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye msimamizi wa inveta, na ufunguo wa chumba chake usizagae. Moto ukitokea, kateni umeme kama mnaweza kufika salama, watoeni watu, pigeni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na msimwagie maji kifaa chenye umeme.

Shangazi yangu sasa ana betri mpya, na fyuzi ya kweli karibu nayo. Inveta ni ile ile. Wiki iliyopita ililia tena saa tatu usiku. Akamwambia mjukuu wake, "Zima feni, tumeitumia vya kutosha leo," akafungua dirisha, akalala.

Wabillahi tawfiq.